Ufundi wa Kukabidhi

Mradi ukiisha hapa mjini, mara nyingi kinachobaki ni fulana, bango lililochujuka, na kompyuta ambayo nywila yake aliondoka nayo ofisa aliyehamia Dodoma. Ndiyo maana nawavulia kofia mafundi wa kazi isiyopigiwa makofi: kukabidhi mradi huria, ulio wazi kwa yeyote kuuendeleza, ukiwa hai.

Chukua Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam ili kukabili mafuriko. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam. Mto Msimbazi ukifurika, mwokoaji anahitaji kujua mifereji inapita wapi na nyumba zipi ziko bondeni. Kwa uswahilini kwingi, hilo halikuwa kwenye ramani yoyote. Tandale, kule Kinondoni, ilikuwa imechorwa mwaka huohuo kama jaribio. Mwaka 2015 Ramani Huria ikaipanua kazi hiyo kata kwa kata, hadi Temeke, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na ushirika wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani walizunguka vichochoroni na karatasi na simu, wakiongozwa na wenyeji wanaojua maji hufika wapi. Mfereji ulipimwa upana na kina, ikaandikwa kama ni wa zege au wa udongo, na kama umeziba taka.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Yote hayo hayakufungiwa kwenye seva ya mfadhili. Yaliingizwa moja kwa moja OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia na kila badiliko lake huhifadhi jina la aliyelifanya. Kwa maneno mengine, makabidhiano yalianza siku ya kwanza, fedha zikiwa bado zipo. Muda wa mradi ulipokwisha, vijana waliokulia ndani yake walikuwa na taasisi yao, OpenMap Development Tanzania, na kazi ikaendelea mikononi mwao.

Anayeujenga mradi peke yake huwa kama fundi umeme aliyetandaza nyaya bila kuacha mchoro: nyumba inawaka vizuri hadi siku anapohama. Kinachomzuia kukabidhi si uvivu tu. Ni raha ya kupigiwa simu, ya kuwa yeye pekee anayejua. Kinyume chake, Linus Torvalds, muundaji wa Linux, aliianza programu ya Git, inayohifadhi historia ya mabadiliko ya msimbo, Aprili 2005, na Julai ya mwaka huohuo akamwachia Junio Hamano, ambaye ameitunza tangu wakati huo. Miezi mitatu! Wako wanaoshindwa kuachia hata kundi la WhatsApp.

Na ramani haingoji mtu. Ramani Huria haikuwa imemaliza miaka miwili, Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Mipaka ya manispaa ikabidi ichorwe upya. Ingekuwa faili la ofisi, lingesubiri barua, saini na mkataba mpya. Kwa kuwa ni huria, kilichohitajika ni kijana mmoja mwenye intaneti na subira ya kufuata mstari wa mpaka, mtaa baada ya mtaa, bila kumwomba ruhusa mtu wa kwanza kuuchora.