Mashine Iliyokataa Kuandika Shairi

Mwaka 1950 Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, alichapisha makala katika jarida la Mind akiuliza kama mashine inaweza kufikiri. Kila mtu anaitaja siku hizi, lakini nashuku wengi hawajaisoma. Ndani yake kuna mchezo mfupi wa maswali na majibu. Muulizaji anaomba shairi kuhusu daraja la Forth kule Uskoti. Anayejibu anakataa, ati ushairi unamshinda. Kisha anaambiwa ajumlishe 34957 na 70764. Ananyamaza kama nusu dakika, halafu anasema 105621.

Hebu jumlisha mwenyewe. Ni 105721.

Turing hasemi lolote kuhusu kosa hilo, wala hatuambii kama anayejibu ni mtu ama ni mashine inayojifanya mtu. Mimi nasoma hapo kama ninavyosoma hadithi yoyote, na naona mhusika anayesita, anayeteleza, anayejua kazi fulani si yake. Ndiyo maana tunamwamini.

Mashine za leo ni kinyume. Iombe ChatGPT shairi la daraja la Nyali, utapewa kabla chai haijapoa. Mizani itayumba, kwa sababu inayakata maneno vipande ambavyo havifuati silabi zetu. Lakini hiyo itarekebishwa, na anayedhani utu wetu umejificha kwenye vina atahama tena, kama wale waliohama mwaka 2016 AlphaGo ilipomchapa Lee Sedol 4-1 kwenye mchezo wa Go.

Kinachonikwaza mimi ni kukataa. Mashine hizi pia hukataa, tena kwa adabu zote. Ziombe kitu cha ukatili, zitakwambia samahani, siwezi. Inafanana sana na dhamiri. Sasa, Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi hapa Kenya, walioajiriwa na kampuni ya Sama, walikuwa wakisoma maandishi ya ubakaji wa watoto, mauaji na mateso, wakiyabandika lebo ili OpenAI itengeneze kichujio cha kuyatambua. Malipo yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Hizo ni pesa za kula mandazi na kupanda matatu, basi.

Kwa hivyo ile samahani inayotufanya tuone kama kuna mtu ndani imejengwa kwa kinyaa cha watu wa hapa kwetu. Mashine ilipokea lebo tu. Kichefuchefu chenyewe kilibaki kwa aliyesoma.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa kuandika programu, ananipinga. Anasema ubongo nao ni chembe zinazopigiana umeme, na ndege ya KQ haipigi mbawa kama kunguru lakini inafika Kisumu. Ni hoja nzuri, na sijui mtu aliyeijibu vizuri kwa kupiga kelele. Lakini kuruka ni jambo la nje: ndege ikiwa angani, imeruka, stori imeisha. Kukataa hakumaliziki kwenye neno linalotamkwa. Anayekataa ana kitu anachokilinda, ama anachokiogopa. Mashine za aina hii zimefunzwa kukisia kipande kinachofuata cha maandishi, kisha zikanolewa kwa majibu ambayo watu waliyapenda zaidi. Zikipatia au zikikosea, hakuna linaloziuma. Ndiyo maana sioni zikifikia akili ya mtu, hata zikiongezewa maandishi ya dunia nzima. Aina nyingine ikija kesho, tutaongea upya.

Sama ilikatisha kazi hiyo Februari 2022, miezi minane kabla ya mkataba kuisha. Mmoja wa wale wafanyakazi aliiambia Time kwamba alichokisoma kilikuwa bado kinamrudia akilini.