Kusoma Usingizi Kabla ya Lepe la Kwanza

Mpimaji hodari wa mawimbi ya ubongo hukamata utepe kabla ya kuwasha mashine. Hupima kuanzia kishimo cha juu ya pua, akapita utosini hadi kwenye kifundo cha mfupa kisogoni, kisha akaugawa urefu huo kwa asilimia 10 na 20 na kutia alama. Kwa utaratibu huu, uliochapishwa mwaka 1958, vichwa vikubwa na vidogo hupimwa mahali palepale. Penye alama hutenga nywele, husugua ngozi taratibu kwa krimu yenye chembechembe, hutia jeli, ndipo akabandika elektrodi. Akilipua hapo, ameharibu yote. Umeme anaoutafuta ni makumi ya maikrovolti tu. Kope zikipepesa, taya likikaza au waya ukitikisika, ishara ya ubongo humezwa.

Sasa upeleke ufundi huo ndani ya treni inayokwenda. Mwaka 1987, Lars Torsvall na Torbjörn Åkerstedt wa Sweden walichapisha vipimo vya madereva 11 wa treni, kila mmoja akiwa kazini, safari moja ya usiku na moja ya mchana katika njia ileile.

Walichokuwa wakikisaka kina sura yake. Mtu aliye macho kabisa, mistari ya mawimbi yake huwa midogo, ya haraka, isiyo na mpangilio. Akifumba macho na kutulia, kisogoni huibuka mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, ambayo Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliyaeleza tangu mwaka 1929. Kwa dereva, cha kuogopwa ni alfa inayofurika huku macho yangali wazi. Nyuma yake huja theta, 4 hadi 8 kwa sekunde, na mboni huanza kuelea polepole kutoka upande hadi upande. Mikono ingali kazini, lakini mwenyewe yuko mang'amung'amu.

Safari za usiku zilionyesha hayo waziwazi. Alfa ndiyo iliyopanda kuliko yote, ikienda sambamba na usingizi ambao madereva wenyewe waliueleza, na wapo waliopitwa na ishara za reli alfa ilipofurika.

Leo kompyuta huyachambua mawimbi hayo papo hapo, ila msomaji makini hamhukumu mtu kwa kipimo cha mwenzake. Wapo ambao alfa yao ni haba kwa maumbile, hivyo kila ubongo hupimwa kwanza ukiwa macho, ndipo ulinganishwe nao wenyewe.

Uangalifu huo ndio ninaouheshimu, kwa sababu unamtendea haki mfanyakazi. Dereva aliyesinzia alfajiri huitwa mzembe. Mistari iliyopimwa vizuri inaonyesha mwili uliolemewa na saa za kazi, na mwenye kupanga zamu anapaswa kuisoma kabla ya kumlaumu dereva.