Video Inayofika Mpanda bila Kumaliza Bando

Kiasi cha data kinacholiwa na video ya kwenye tovuti huamuliwa zaidi na mwenye tovuti kuliko mtazamaji. Video ya 720p iliyobanwa kwa megabiti 2.5 kwa sekunde hutumia megabaiti 1,125 kwa saa. Ya 360p yenye megabiti 0.6 hutumia 270 tu. Kwa mwanafunzi wa Mpanda anayejiunga na bando la siku na kusomea kwenye simu, tofauti hiyo huamua kama somo litafika mwisho.

Kwa kawaida video moja huandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora, na kila kiwango hukatwa vipande vya sekunde chache. Ndivyo ufanyavyo mfumo wa HLS, uliotolewa na Apple mwaka 2009. Simu hupima kasi ya mtandao kila mara, kisha huomba kipande kinachoendana nayo. Tatizo ni kwamba mfumo hupima kasi, haupimi salio. Mtandao ukichangamka mjini Mpanda, ubora hupanda na bando huisha upesi. Ukizorota upande wa Karema, ubora hushuka wenyewe. Kwa hiyo ni lazima mwenye tovuti aweke kikomo kulingana na ukubwa wa kioo, na anayetaka picha kali zaidi aichague mwenyewe. Machi 2020, watu wengi walipokuwa wamejifungia majumbani, YouTube ilifanya vivyo hivyo duniani kote: video zilianza kwa ubora wa kawaida.

Upotevu mwingine hauonekani. Video huvutwa mbele ya pale mtazamaji alipofika, naye akiondoka baada ya dakika moja, sehemu zilizovutwa tayari zimelipiwa. Akiba ya nusu dakika hutosha, na video isianze kabla ya kubonyezwa.

Mwalimu aliyesimama mbele ya ubao hahitaji biti nyingi kama mechi ya mpira, kwa kuwa picha yake haibadiliki sana. Kodeki ya AV1 ya mwaka 2018 hubana zaidi ya H.264 ya mwaka 2003, ila huzielemea simu za zamani, kwa hiyo H.264 haifai kuondolewa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, haifiki megabaiti 30 kwa saa, na masomo mengi ya historia yangeeleweka hivyo.

Kuweka nakala kwenye seva ya Dar es Salaam hupunguza mzigo wa nyaya za baharini na kusubiri, lakini hakupunguzi hata megabaiti moja kwenye bando la mtazamaji.