Kadi, Sauti na Mtoto wa Mkomani: Uhakiki wa Mafunzo ya Kusoma katika Madarasa ya Chini

Imesemwa mara nyingi, wala si uongo mtupu, kwamba Kiswahili ni lugha nyepesi kuisoma kwa kuwa kila herufi ina sauti yake. Juu ya kauli hiyo ndipo yalipojengwa mafunzo ya kusoma katika madarasa ya chini nchini Kenya, hasa tangu mpango wa Tusome ulipoenezwa nchini mwaka 2015. Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo mahali ambapo ingetarajiwa isipingike, yaani Mkomani, nusu ya kaskazini ya mji wa Lamu, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mama.

Kwanza, haki itendeke. Mpango huo ulileta nidhamu iliyokuwa imekosekana. Kila mwanafunzi alipewa kitabu chake. Mwalimu alipewa kiongozi chenye somo la kila siku. Na hatua zikapangwa: sauti, silabi, neno, kisha hadithi. Mwalimu hutangulia, darasa zima likafuata pamoja naye, halafu mwanafunzi akasoma peke yake. Anayeudharau utaratibu huu hajapata kusimama mbele ya watoto hamsini wenye kadi mkononi. Tanzania nayo, katika mtaala wake wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili, ilirudi kwenye msingi uo huo wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Lawama yetu basi haiuhusu utaratibu, bali kile kinachowekwa ndani yake. Lugha iliyosanifishwa na Kamati ya mwaka 1930 ilijengwa juu ya Kiunguja. Mtoto wa Mkomani husema Kiamu. Penye *ch* ya Kiswahili Sanifu, yeye aghalabu ana *t*: macho kwake ni mato, mchele ni mtele, nchi ni nti. Njia kwake ni ndia, moja ni moya, na vyombo ni zombo. Zaidi ya hayo, sikio lake hutenganisha sauti ambazo tahajia yetu imeziunganisha. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawa, lakini *p* ya mnyama hutamkwa kwa pumzi na ile ya nyumba haina pumzi. Hali kadhalika *t* ya meno na *t* ya ufizi. Hili si jambo jipya: katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliirekebisha hati ya Kiarabu ili ipambanue sauti za namna hii, na W. E. Taylor akafanya vivyo hivyo kwa herufi za Kirumi. Tahajia sanifu ikaziacha. Kwa hiyo msemo wa "herufi moja, sauti moja" haukamiliki Mkomani.

Tutazame sasa tukio la darasani ambalo yeyote aliyekaa huko atalitambua. Mwalimu anainua kadi yenye picha ya macho na neno lake chini. Mtoto anasema, "Mato." Mwalimu anatikisa kichwa na kumwita mwingine. Je, mtoto yule amekosea nini? Pengine hakuisoma kadi kabisa, ameitazama picha tu. Pengine ameisoma sawasawa, akaielewa maana, kisha akajibu kwa lugha ya mama yake. Katika hali ya kwanza hajui kusoma. Katika ya pili amefika mbali kuliko wenzake walioimba "macho" kwa kumfuata mwalimu. Kadi ile haiwezi kuwapambanua wawili hawa, na mwalimu amehukumu bila ushahidi.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa kupanga zana. Yafaa kadi za sauti na silabi ziwe mbali na kadi za picha, kila aina mahali pake ukutani, na zitumike kwa nyakati tofauti za somo. Pili, herufi ifunzwe kwanza kwa neno ambalo mtoto hulitamka kwa sauti hiyo hiyo. Kiamu kina *ch* katika chai na *j* katika Ijumaa. Mtoto anayesoma "chai" bila picha ameijua herufi, na hakuna awezaye kumkania. Tatu, baada ya hapo ndipo maneno yaje kwa jozi, macho na mato, njia na ndia, na mwalimu aseme wazi: hivi ndivyo kitabu kiandikavyo, na hivi ndivyo sisi tusemavyo.

Wala mtoto huyu haji shuleni mikono mitupu. Chuoni amekwisha kujifunza kwamba herufi ina jina, kwamba irabu huibadili sauti yake, na kwamba kusoma ni kuunganisha. Mwalimu wa shule aliyeijenga silabi juu ya msingi huo atapunguza kazi yake, badala ya kuanza kana kwamba hakuna kilichotangulia.

Watakuwapo wasemao kwamba kukiruhusu Kiamu darasani ni kuudhoofisha usanifu. Hofu hiyo haina mashiko. Sera ya Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imetaka mtoto aanze kwa lugha ya eneo lake. Mkomani husemwa kwamba sharti hilo limekwisha kutimizwa, kwa sababu lugha ya eneo ni Kiswahili. Jina ndilo lililotimizwa. Mtoto anayeambiwa kila asubuhi kwamba neno la mama yake ni kosa hujifunza kunyamaza, na aliyenyamaza mwalimu hawezi kumsikia akisoma. Usanifu utamfikia kwa urahisi zaidi akiwa bado anasema.