Kusoma na Kalamu Mkononi

Wako watu hapa Fumba wasemao kwamba kuandika pambizoni mwa kitabu ni kukiharibu. Lakini kusoma bila kuandika ni kuteka maji kwa pakacha. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi mengi juu ya vita vya Mazrui na Sayyid Said. Asiyejua vita hivyo husoma maneno, maana ikampita. Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alimfumbulia W. E. Taylor mafumbo yale, naye akayaandika. Diwani ilipopigwa chapa mwaka 1940 wote wawili walikwisha kufa, bali maelezo yalibaki. Basi, kitabu cha kuazima tusikiguse, tuandike daftarini: neno gumu, maana yake, na swali letu. Wazee wajuao hawatatungoja.