UHAKIKI: Kuli wa Marseille na Kuli wa Unguja

Wanafunzi wetu wengi wanamfahamu Sembène Ousmane kupitia Hawala ya Fedha, tamthilia ambayo Amandina Lihamba aliijenga juu ya kisa chake. Wachache wamesoma riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir (1956).

Sembène alizaliwa Ziguinchor, Senegal, mwaka 1923. Alivua samaki, akawa mwashi, akaingizwa katika jeshi la Ufaransa mwaka 1944, kisha akaenda Marseille kupakua meli. Alipoumia mgongo bandarini ndipo akazama katika vitabu.

Mhusika wake mkuu, Diaw Falla, naye ni kuli anayeandika riwaya. Mwandishi mmoja wa Kifaransa, mwanamke, anauchukua mswada wake, anauchapisha kwa jina lake mwenyewe na kutunukiwa tuzo. Wanapogombana mwanamke yule anafariki, na Falla anafikishwa mahakamani. Wanaomhukumu hawasadiki kwamba mtu mweusi, tena mbeba mizigo, aweza kutunga kitabu.

Msuko wa riwaya hii una kasoro. Hotuba ni nyingi mno, na Wazungu wengi humo ni wahusika bapa. Lakini Sembène anapofika bandarini, penye jasho, mizigo na kazi ya kubahatisha, kalamu inatulia. Hapo hana haja ya kuhubiri.

Katika mitihani mara nyingi husomwa jibu kwamba "Falla ni Sembène". Sikubaliani nalo. Falla anaporwa kitabu chake na kufungwa. Sembène aliishi hadi 2007 akiandika na kutengeneza filamu. Alichoazima maishani mwake ni kazi na hofu ya kutosadikiwa. Mengine ni ubunifu.

Linganisha na Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, inayohusu mgomo wa Unguja wa 1948. Rashidi na wenzake wanasema Kiswahili, na riwaya imeandikwa kwa Kiswahili. Kuli aliyejua kusoma angeweza kuifungua na kujisikia humo. Sembène aliwaandikia wapagazi kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi nyumbani kwao hawakuweza kuisoma. Jambo hili lilimkera mwenyewe, akageukia sinema, na mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolofu: kisa kile kile cha hawala.

Walimu wa mwaka wa pili wangejaribu kuzifundisha riwaya hizi mbili pamoja. Tafsiri ya Kiingereza ya Le Docker noir ilitoka mwaka 1987. Ya Kiswahili ingekuwa kazi nzuri ya tasnifu kwa mwanafunzi anayekijua Kifaransa.