Watumwa wa Chuma na Bibi wa Tanzania

Yako mambo mawili ambayo mhakiki wa nchi hii hana budi kuyatazama katika tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Battlestar Galactica. La kwanza ni kisa chenyewe, yaani mashine zilizopewa akili na binadamu, kisha zikamgeukia aliyezitengeneza. La pili ni kwamba kisa hicho, baada ya kuzunguka angani kwa misimu minne, kinaishia katika ardhi ya Tanzania. Hili la pili ndilo lililotusukuma kushika kalamu, lakini halieleweki bila lile la kwanza.

Tamthilia hiyo ilionyeshwa kwanza mwaka 1978. Katika toleo lile, mashine ziitwazo Cylon zilitokana na viumbe wengine wasio watu, na kwa hiyo binadamu hakuwa na hatia yoyote, alivamiwa tu. Ronald D. Moore alipoiandika upya, katika toleo lililoonyeshwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2009, aliwafanya Cylon kuwa kazi ya mikono ya binadamu wenyewe, waliowaunda ili wawatumikie na kuwapigania vita. Uzito wote wa toleo jipya unatokana na badiliko hilo. Adui hatoki tena ng'ambo. Ametoka jikoni na shambani mwa bwana wake.

Wazo hilo si geni. Neno roboti lilienea duniani kutokana na tamthilia ya R.U.R. ya Mcheki Karel Čapek, iliyochezwa Prague mwaka 1921 na kuonyeshwa katika televisheni ya BBC mwaka 1938. Asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Aliyepata kuwasikia wazee wakisimulia shokoa za wakati wa ukoloni hahitaji kuelezwa kwa nini roboti waliasi. Katika tamthilia ya Čapek waasi wanamwacha hai mtu mmoja tu, fundi mjenzi, kwa kuwa naye hufanya kazi kwa mikono kama wao.

Moore ameurithi mzizi huo, na kwa sehemu kubwa ameutunza vizuri. Meli ya Galactica inaokoka kwa sababu ni kuukuu: nahodha wake, Adama, amekataa kompyuta zake zisiunganishwe, na simu zake ni za waya. Kati ya watu wa dunia kumi na mbili wanabaki kama 50,000 tu. Rais wao, Laura Roslin, ambaye kabla ya maangamizi alikuwa waziri wa elimu, huandika idadi yao ubaoni, na tarakimu inapofutwa mtazamaji hujua kwamba mtu amekufa. Ni mbinu rahisi, nasi tunaisifu kwa urahisi wake.

Lakini sehemu iliyotushika zaidi ni nyingine, na twashangaa kwamba haizungumzwi sana. Miongoni mwa Cylon wamo wenye sura ya binadamu na wamo askari wa chuma. Wale wenye sura ya binadamu, ambao husema bila kuchoka juu ya dhuluma waliyotendewa, wamewatia askari hao kifaa kinachowazuia wasifikiri kwa hiari yao. Kumbe aliyetoka utumwani amejinunulia mtumwa! Katika msimu wa nne, mwaka 2008, baadhi yao wanakiondoa kifaa hicho, na vita vinazuka baina ya Cylon wenyewe. Hapa mwandishi amelitazama tabaka la watawala wapya bila kupepesa macho. Uhuru uliowafikia wachache na kuwaacha wabeba mizigo pale pale walipokuwa ni jambo ambalo Afrika inalijua kwa karibu, na hatukutegemea kufundishwa somo hilo na mchezo wa vyombo vya angani.

Ndiyo maana mwisho wake, ulioonyeshwa Machi 2009, umetusikitisha. Wasafiri wanafika katika dunia yetu, miaka 150,000 iliyopita. Meli zao wanazituma zikaungue katika jua, kana kwamba dhambi ilikuwa katika vyuma, si katika amri zilizotolewa kwa vyuma hivyo. Kisha wanajificha nyuma ya majani na kuwatazama wenyeji kwa darubini. Wanakisia kwamba watu hao hawajapata lugha. Basi, inasemwa, watawapa hiyo, pamoja na yote yaliyo bora waliyo nayo. Baadaye tunapelekwa New York ya siku hizi, ambako gazeti linatangaza kwamba mabaki ya mama wa binadamu wote yamepatikana Tanzania. Mama huyo ni Hera, binti wa baba mtu na mama Cylon, aliyeletwa na meli.

Hatudai kwamba tamthilia iwe kitabu cha sayansi. Hata hivyo, habari ya mama huyo, iliyotangazwa na wataalamu mwaka 1987, ilitokana na chembe za urithi za watu wa siku hizi, wala si mifupa iliyofukuliwa. Mifupa tunayo, lakini ina habari nyingine. Fuvu la Ngaloba, lililopatikana Laetoli mwaka 1976, linakadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 120,000, na aliyekuwa nalo alikuwa mtu wa jamii yetu. Watu wa aina yake walichonga zana za mawe na kufundishana namna ya kuzichonga. Tamthilia ingeweza kuwapa watu hao japo moto mmoja, wimbo mmoja, au mtoto anayemwita mama yake.

Haikuwapa. Hata nyika tunayoonyeshwa kuwa ni ya kwetu ilipigwa picha Kanada. Cylon, waliotengenezwa ili watii, wamepewa misimu minne ya kujieleza, kulalamika, kusali na kupenda. Wenyeji wa Tanzania wanapita mbele ya darubini kwa mbali, na hakuna hata mmoja wao anayegeuka kuuliza ni nani wale wanaomtazama.